Simu Isiyo na Salamu

Saa tatu na nusu asubuhi, simu ya mezani inaita katika chumba cha chini kabisa cha jengo la hospitali, chumba kisicho na dirisha hata moja. Mwanamke aliyevaa sweta zito ndani ya koti jeupe anaikwapua kabla haijaita mara ya pili.

"Sema."

"Weka majini," inajibu sauti ya mwanamke mwenzake. "Minne."

"Una uhakika?"

"Sina."

"Naweka."

Simu inakatwa. Hakuna habari za asubuhi, hakuna za nyumbani, hakuna hata kwaheri. Mgeni aliyekaa pembeni anaweza kudhani wanawake hawa wawili wana ugomvi, na hatakuwa amekosea sana. Ugomvi upo, tena si wa kitoto. Tutaufikia. Kwa sasa kuna mifuko minne inayotakiwa kuingia majini.

Wenzake humwita Mama Barafu. Ni mtaalamu wa maabara katika benki ya damu, mama wa watoto watatu, na kazi yake kubwa ni kuyeyusha plazma. Kwa asiyejua, damu ikishatolewa kwa mchangiaji hutenganishwa. Ile nyekundu huwekwa kando, na yale majimaji ya manjano yanayobaki ndiyo plazma. Humo ndimo mlimo na vitu vinavyoifanya damu igande mtu anapojikata. Mgonjwa akivuja sana, vitu hivyo humwishia mwilini, na hapo hata umwongezee damu nyekundu mpaka uchoke, itatoka tu ilikotokea nyingine. Anahitaji plazma, tena upesi.

Kasheshe ni kwamba plazma hutunzwa ikiwa imegandishwa, ngumu kama tofali. Kuiyeyusha ni kazi ya karibu nusu saa, na nusu saa hiyo haina njia ya mkato.

Anafungua friza. Mvuke mweupe unamwagikia viatuni. Anachagua mifuko ya kundi AB, kwa sababu plazma ya kundi hilo humfaa mgonjwa yeyote, na huyu wa leo kundi lake bado halijajulikana. Anaibeba mmoja mmoja kwa mikono miwili, anautia kila mmoja ndani ya mfuko mwingine wa nailoni, ndipo anaizamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Mashine ya kulitikisa beseni hilo iliharibika siku nyingi. Anaitikisa mifuko mwenyewe, kwa vidole, huku na huku.

"Ukileta papara hapa umekwisha," anatuambia bila kuinua kichwa. "Plastiki ikishakuwa na baridi hii ni kioo. Muulize Breki."

Breki ni mchukuzi wa hospitali, mwanaume wa makamo mwenye miguu mirefu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hana breki hata moja. Tayari amesimama mlangoni na sanduku lake la kubebea damu.

"Mfuko ule niliutua mezani tu," anajitetea.

"Uliutupa."

"Niliutua kwa nguvu."

Mfuko huo ulipata ufa mwembamba ambao hakuna aliyeuona, mpaka plazma ilipoanza kujichanganya na maji ya beseni. Tangu siku hiyo kila mfuko huvikwa nailoni, na Breki haruhusiwi kuvuka mstari mwekundu uliochorwa sakafuni. Husimama nyuma yake, ncha za viatu zikiugusa, akisubiri kuitwa.

Na kuna jambo jingine linalomfanya Mama Barafu leo atikise mifuko huku ameuma mdomo. Mfuko ukishaingia majini haurudi friza. Ukiyeyuka unakaa siku moja tu kwenye friji ya kawaida, na usipopata mgonjwa unatupwa. Wiki iliyopita ilitupwa miwili, kwa simu kama hii, kutoka kwa sauti hii hii isiyo na uhakika. Mkuu wa benki ya damu, daktari ambaye kila mtu humwita Bosi, alishuka ngazi akawaambia waziwazi kwamba ikitupwa tena kabla mwezi haujaisha, utaratibu wa kuyeyusha kwa simu unafutwa. Watarudi kwenye karatasi.

"Karatasi!" anasema Mama Barafu, na kulitamka tu neno hilo kunamkunja uso. "Heri nikafue nguo za watu."

Enzi za karatasi mambo yalikwenda hivi. Mzazi akitokwa damu nyingi kule leba, mkunga alichukua damu yake kidogo kwenye tyubu ya kioo, akaifumbata kiganjani ipate joto, akasubiri kuona kama itaganda. Kusubiri huko ni karibu dakika kumi. Isipoganda, daktari aliandika karatasi ya kuomba plazma. Karatasi nayo ikatafutiwa mbebaji, mara mfanya usafi, mara ndugu wa mgonjwa ambaye hajui njia na anaishia kwenye chumba cha eksirei akiuliza wenyeji. Ikishafika huku chini, ndipo friza lilipofunguliwa.

"Kila kitu kilipanga foleni," anasema Mama Barafu. "Tyubu imalize, halafu karatasi itembee, halafu na mimi nianze kuyeyusha. Damu ya mtu haijui foleni."

Ajabu ni kwamba simu ya mezani ilikuwepo siku zote. Leba ilikuwepo, na huku chini ilikuwepo. Wodi nyingine zilikuwa zinapiga kutoa taarifa mapema, kisha zinatuma karatasi. Leba peke yake ndiyo haikupiga. Na hapa sasa ndipo ugomvi unapoingia.

Mkunga mkuu wa leba, mwenye ile sauti ya asubuhi, ni wifi yake Mama Barafu. Ni dada wa mumewe, tumbo moja, mkubwa wao nyumbani kwao. Zamani walikuwa chanda na pete. Huyo wifi ndiye aliyemnong'oneza kwamba hospitali inatafuta watu wa maabara, akamshonea na koti la kuendea kwenye usaili.

Kisha mama mkwe akafariki, akaacha kabati. Ni kabati la mbao nzito, lenye milango ya vioo na droo tatu. Mama Barafu ndiye aliyemuuguza mama mkwe nyumbani kwake, na kabati lilikuwa limeshahamia huko pamoja na mgonjwa, basi likabaki pale pale. Wifi akasema kabati la mama ni la binti. Mama Barafu akasema kabati la mama ni la aliyemnawisha mama. Ikawa ndivyo hivyo.

"Tulisemana," anakumbuka, vidole vyake vikiwa bado majini. "Siwezi kuyarudia maneno yale mbele ya mwandishi. Hata mbele ya Breki siwezi, na Breki hana haya."

Mumewe, ambaye ni seremala, alijitolea kutengeneza kabati la pili linalofanana na lile mpaka kwenye vitasa. Kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, mkewe na dada yake wakakubaliana jambo. Wote wawili walimwambia asiwaletee ujinga.

Salamu zikakatika. Nani asiyejua uzito wa jambo hilo? Mtu unaweza kumnunia, unaweza kumdai, unaweza hata kumshitaki, lakini asubuhi mkikutana unamjulia hali. Hawa hawakujuliana hali kwa miaka saba. Kwenye korido, mmoja akitokea, mwingine anapata tangazo la kusoma ukutani. Kazini Mama Barafu alimwita wifi yake "wa juu", na yeye akaitwa "wa chini". Watoto waliendelea kwenda kwa shangazi yao siku za mapumziko, wakirudi na maagizo ya kumfikia baba yao tu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mkunga. Unajua simu ya chini itapokelewa na mtu usiyempa salamu. Kupiga na kuanza na shida zako moja kwa moja ni utovu wa adabu, na hukulelewa hivyo. Kusalimia nako huwezi, umeapa. Basi unatuma karatasi.

"Nilikuwa najiambia karatasi ndiyo utaratibu," anasema wifi mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumwita mtu wa ng'ambo ya barabara. Anaongea amesimama, kwa sababu leba hakuna wa kukaa. "Na ni kweli ulikuwa utaratibu, hakuna wa kunilaumu kwa hilo. Lakini simu ilikuwa pale mezani, naiona. Andika hivyo. Nataka iandikwe."

Siku moja mama mmoja alifariki. Hatutasema mengi, familia yake ipo na ina majonzi yake. Itoshe kwamba plazma ilifika leba ikiwa imeyeyuka vizuri kabisa, Breki akihema, na kitanda kilikuwa kimeshafunikwa shuka. Breki aliirudisha mifuko chini kwa kutembea. Hakuna aliyewahi kumwona akitembea.

Mama Barafu alijifungia kwenye chumba cha friza akalia. Anasema machozi humo yanauma mashavuni.

"Nililia kwa hasira," anasema.

Hasira na nani?

"Na kabati."

Kikaitishwa kikao. Mawifi wawili wakakaa meza moja, kila mmoja akimtazama Bosi, ambaye alikuwa amehamia karibuni na habari za kabati hakuzijua.

"Daktari," alianza mkunga, "mwambie anayeyeyusha aanze kuyeyusha wakati mimi bado nimeshika tyubu. Tusubiri vyote kwa pamoja."

"Daktari," akajibu Mama Barafu, akiwa hatua mbili tu kutoka kwa mkunga, "mwambie anayeshika tyubu basi apige simu. Mimi siyo mganga, nitajuaje huko juu kuna mtu anavuja?"

Bosi aligeuza shingo huku na huku mpaka akachoka. Mwisho akakubali wazo lenyewe, lijaribiwe, na akaongeza sharti lake moja. Simu ya leba kwenda benki ya damu iwe haina salamu. Alishawasikia watu wa hospitali hii wakipigiana simu: habari, nzuri, za huko, salama, watoto, hawajambo, poleni na kazi, tumeshapoa. Mgonjwa anavuja. Anayepokea aseme "Sema", anayepiga aseme shida, basi.

"Mimi nilikuwa nafikiria muda tu," anasema Bosi, na hata leo anacheka akikumbuka. "Sikujua kama nimewafungua watu jela."

Ndivyo ilivyokuwa. Sharti lile liliwapa ruhusa ya kuongea bila yeyote kuonekana ndiye aliyeanza. Simu ya kwanza ilipoingia, "weka majini", Mama Barafu alijibu "naweka", kisha akabaki ameushika mkono wa simu iliyokuwa imeshakatwa. Ilikuwa sauti ya wifi yake ikimwelekea yeye, baada ya miaka saba.

Simu hizo zimekuwa nyingi tangu hapo. Nyingi zilikuwa za kweli, na plazma ikafika mgonjwa angali na nguvu ya kulalamika. Lakini kwenye korido mambo ni yale yale, matangazo ya ukutani bado yana wasomaji wawili waaminifu. Na sasa kuna ile miwili iliyotupwa wiki iliyopita.

Simu inaita tena. Kwenye beseni, mifuko imelainika pembeni, katikati bado mna mabonge ya barafu.

"Sema."

"Imeganda."

Mama Barafu anafumba macho. Tyubu imeganda, maana yake damu ya mama aliye juu bado ina nguvu zake. Kwa mama huyo ni habari njema kupita zote. Kwa utaratibu wa simu ni msumari wa jeneza.

"Sawa," anasema.

Kwa kawaida hapo simu hukatwa. Leo haikatwi.

"Lakini pale palipochomwa sindano ya dripu panachuruzika," sauti ya juu inasema. "Nafuta, panachuruzika tena. Sipapendi."

"Basi usiitupe hiyo tyubu."

"Siitupi. Ninayo mkononi."

Breki anauliza kama aende. Anaambiwa atulie. Mama Barafu anaendelea kutikisa mifuko ile ile, kwa mwendo ule ule. Iwe ya kutumika au ya kutupwa, haiwezi kuachwa nusu.

Bosi anashuka. Si mtu mbaya, na ni haki lisemwe hilo. Anatazama beseni, anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati.

"Minne?"

"Minne, daktari."

"Tyubu inasemaje?"

"Imeganda."

Bosi anavuta pumzi ndefu. Anamweleza kile anachokijua vizuri, kwamba watu wa kundi AB ni wachache, na kila mfuko ni mkono wa mtu aliyeacha shughuli zake akaja kuchomwa sindano kwa ajili ya asiyemjua. Wiki iliyopita miwili ile aliitupa yeye mwenyewe, na siku nzima hakula.

"Sikatai tuwahi," anasema taratibu. "Ninachokataa ni kubahatisha."

"Hatubahatishi, daktari. Wifi amesema hapapendi."

"Wifi?"

Nyuma ya mstari mwekundu, Breki ameinua kichwa. Miaka yote ya kusimama pale hajawahi kumsikia Mama Barafu akimwita "wa juu" kwa jina la undugu.

"Mkunga," anasema Mama Barafu, na masikio yake yamepata moto. "Mkunga wa leba. Amesema panachuruzika."

Mifuko imeshayeyuka. Anaitoa majini, anaikausha, anaiinua kwenye taa mmoja mmoja akitafuta ufa. Hakuna. Ni mizuri, safi, na haina mwenyewe. Anaipanga kwenye friji ya kawaida, na mlango unapofungwa anabaki ameuegemea kwa kiganja.

"Ukifutwa utaratibu huu," anamwambia Bosi bila kumgeukia, "mama atakayefuata ataombewa kwa karatasi. Na mimi nitakuwa nimekaa hapa karibu na simu, najua kabisa kwamba huko juu kuna mtu. Sijui nitakaaje, daktari. Kweli sijui."

Bosi anafungua mdomo kujibu. Simu inamwahi.

"Sema!"

"Limevunjika."

Tyubu ile mkunga hakuitupa. Aliendelea kuishika, akiilaza na kuiinua, na bonge la damu lililokuwa limeganda humo likaanza kulegea, likameguka, likarudi kuwa maji mekundu. Damu ilikuwa imejitahidi kuganda ikashindwa. Wakunga wengi wenye kazi nyingi wangekuwa wameshaiweka kando na kwenda kwa mzazi mwingine, na nani angewalaumu?

"Leta," anasema mkunga. "Leta, leta!"

"Breki!"

Breki anavuka mstari mwekundu na hakuna anayemkemea. Mama Barafu anaitia mifuko sandukuni, si kwa papara, mmoja, mwingine, mwingine, mwingine, kifuniko. Mbele yao Bosi ameshatoka, koti likipepea, na sauti yake inasikika kwenye korido ikiwaomba watu washuke kwenye lifti. Ameushikilia mlango wa lifti kwa bega. Breki anaingia kwa kasi ambayo nusura imfikishe ukuta wa pili.

Halafu Mama Barafu anabaki peke yake chumbani.

Watu hawajui sehemu hii ya kazi yake. Mama Barafu huwa haoni wagonjwa. Hamjui mama wa leo kwa sura wala kwa umri, anachojua ni kwamba yupo na anavuja. Anafungua friza tena, anatoa mifuko mingine miwili, anaizamisha. Hakuna aliyemwomba. Bosi, aliyerudi akihema, anaiona. Anakunja mikono ya shati, anaingiza vidole vyake majini upande wa pili wa beseni, anatikisa.

"Polepole, daktari."

"Polepole," anakubali Bosi.

Wanatikisa. Mama Barafu anazungumza na simu kimoyomoyo, na mara moja kwa sauti: "Hebu lia basi, we kitu." Inapolia kweli, anaruka, maji yanamwagikia viatu vya Bosi.

"Sema."

"Pameacha."

"Pameacha kuchuruzika?"

"Pameacha. Na kule kwingine kunapungua. Daktari wa huku anasema tuendelee, lakini presha iliyokuwa imeshuka imepanda, na macho amefungua. Ameuliza mtoto yuko wapi."

Mama Barafu anakaa kwenye stuli. Anacheka, na kabla kicheko hakijaisha kimegeuka kilio, na hajisumbui kukificha. Upande wa pili nako kuna pua inayovutwa kwa kelele. Hakuna anayekata.

"Haya, kata simu," sauti ya juu inasema mwishowe, imekwaruza. "Kuna watu wanaitaka laini."

Siku chache baadaye mama huyo ameketi kitandani katika wodi ya wazazi, mtoto wa kike amelala kifuani pake. Ni msusi, mtu wa maneno, na anasimulia kifo kilivyompitia kando utadhani anasimulia sinema. Kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati, ndivyo alivyoelezwa, na damu yake ikapoteza uwezo wa kuganda. Mwenyewe anachokumbuka ni baridi, na mkunga mmoja mnene aliyekuwa akimfuta mkono huku ameshika kitu kama kalamu ya kioo.

"Nilitaka kumwambia mama weka hiyo kalamu, nisaidie," anasema. "Kumbe ndiyo alikuwa ananisaidia."

Alipoambiwa kuna mtu mwingine huko chini, akang'ang'ania aletwe. Mama Barafu akapanda, sweta na yote, akasimama miguuni pa kitanda asijue mikono aiweke wapi. Msusi akamtazama nywele, akaguna.

"Hizo ukija kwangu hulipi maisha," akamwambia. "Naziona zinaniita."

Mama mzazi wa msusi ndiye aliyenyanyuka akamshika mikono yote miwili, kisha akashtuka.

"Mwanangu, mbona ya baridi hivi? Unaumwa?"

"Ndiyo kazi yake hiyo, mama," akajibu mkunga yule yule mnene kutoka kitanda cha jirani, akikunja shuka, bila kugeuka. "Ndivyo alivyo. Moyoni ana moto."

Wodi nzima ikacheka. Mama Barafu alishuka kwa ngazi, akaipita lifti iliyokuwa wazi.

Utaratibu wa simu haukufutwa. Bosi amekwenda mbele zaidi, na anasisitiza kwamba hafanyi hivyo kwa huruma. Anachotaka sasa ni friji ndogo yenye kufuli iwekwe leba kwenyewe, na ndani yake mifuko miwili iliyokwisha kuyeyushwa, siku zote. Ikikaribia kumaliza siku yake bila kuhitajika leba, itahamishiwa chumba cha upasuaji, ambako mara nyingi kuna wa kuihitaji, na mingine iwekwe mahali pake. Friji imeshapatikana. Mkunga ameshaondoa viti vibovu kwenye kona moja, na amemtangazia kila mtu kwamba atakayeweka chakula chake humo atamjua yeye ni nani.

Kwa Mama Barafu hayo ndiyo matumaini makubwa. Mshahara wake ni ule unaoishia njiani kabla mwezi haujaisha, na sweta la kazini hujinunulia mwenyewe. Lakini ukimuuliza anataka nini, hataji pesa. Anataka siku mgonjwa anapoanza kuvuja, plazma iwe imemtangulia.

Kabati bado liko sebuleni kwake. Jumamosi iliyopita watoto walirudi kwa shangazi yao na ujumbe, na mara hii haukuwa wa baba. Shangazi alisema droo ya chini ya lile kabati huwa inakwama wakati wa mvua, ipakwe nta. Mama yao akawaambia wamwambie kama inamuuma sana aje aipake mwenyewe. Hajaja. Watoto wanasema alicheka.

Kwenye benki ya damu, siku ya mwisho ya kumtembelea, tunamuuliza swali ambalo huenda hakulitarajia. Friji ikipanda leba, na mifuko ikiwa huko tayari, simu hii itakuwa ya nini? Hakutakuwa na wa kuambiwa aweke majini. Wifi hatakuwa na sababu ya kupiga.

Anaifuta meza, mahali ambapo tayari pamekauka.

"Nimeliwaza hilo," anasema. "Usiku nimeliwaza. Nikasema, basi asipopiga yeye, nitapiga mimi."

Breki, nyuma ya mstari wake, anaingilia kati. Useme nini, anamuuliza, na simu yenyewe haina salamu?

"Hiyo ni ya kazini. Nitampigia kwenye simu yake, jioni, akiwa kwake amekaa." Anaukunja mkono wa sweta, anaukunjua tena. "Unajua miaka yote nilikuwa nasubiri aanze yeye. Na yeye ni mkubwa wangu, jamani. Mkubwa haanzi. Mimi ndiye niliyetakiwa nitoe salamu, na sikutoa."

Anatazama pembeni, mbali na watu, kuelekea friza.

"Shikamoo, wifi," anasema, kwa sauti ndogo, akijaribu tu jinsi neno litakavyotoka. Kisha analirudia.